Chupa, vikombe vya karatasi au vikombe vya shughuli: kipi kinafaa mbio zenu za mtaani?

Sa hivi kila klabu ya jogingi hapa Dar inataka iwe na mbio zake. Mnaanza kidogokidogo, Jumamosi alfajiri mnakimbia na filimbi na nyimbo, mnaalikwa na klabu ya mtaa wa pili, na nyie mnawaalika, halafu siku moja kwenye kikao mtu ananyanyuka anasema jamani na sisi tuandae mbio zetu, kilometa 10, watu mia nne tu, kitakachobaki tununue madawati ya shule ya msingi. Makofi. Hamna anayeuliza takataka zitaenda wapi, na kiukweli mwaka wa kwanza hata mimi sikuuliza.

Nimekaa kwenye kamati ya mbio za hivyo miaka mitatu, mtaani kwetu upande wa Kigogo. Mwaka wa kwanza tuligawa chupa, wa pili vikombe vya karatasi, wa tatu vikombe vya kukodi, kwahiyo hapa anaongea mtu aliyeviokota vyote vitatu kwa mkono wake. Nitakaa sana kwenye maji, mengine nitayapitia juu juu, maana tulishawahi kuchukua viroba vya takataka za mbio tukavimwaga chini tukavichambua (harufu yake niachieni mwenyewe) na karibu kila kitu kilikuwa kimetoka kwenye meza ya maji. Ukishaamua maji yatanywewaje umeshaamua karibu robo tatu ya uchafu wako wote.

Chupa za nusu lita

Raha ya chupa ni kwamba haina kazi. Maji yamefungwa kiwandani, hamna wa kuuliza yamechotwa wapi, unampigia simu wa jumla, kirikuu inashusha makatoni, kijana anasimama mezani anagawa, basi. Na kampuni ya maji ikiwadhamini huwa inawapa maji, sio hela, sasa maji ya bure nani anayakataa.

Shida ni ukipiga hesabu. Watu 400, vituo vitatu njiani, na chupa moja kila mtu akimaliza, hiyo ni chupa 1,600, lita 800. Halafu simama pembeni ya meza uangalie mkimbiaji anavyokunywa, anapiga funda mbili tatu, kidogo anajimwagia kichwani, chupa inaruka. Kwa pale njiani hafikishi hata robo lita. Yaani mmelipia lita 600 za njiani, nyingi zaidi mmezimwaga barabarani, na mtaani kuna nyumba hazijaona maji ya bomba tangu juzi.

Na chupa ikiruka inaangukia mtaroni. Mitaro ya kwetu inaelekea Msimbazi, na Msimbazi ukijaa kila mtu wa Dar anajua kinachotokea pale Jangwani, barabara inafungwa, mwendokasi hayapiti, watu wanavua viatu. Sisemi mafuriko yanaletwa na mbio zetu, nisisingiziwe, ila mbio zetu za kwanza zilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu, masika ndo hiyo inanukia, na tukauacha mtaro umejaa chupa ambazo mtaa mzima unajua ni za nani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatuita akatuambia tu, "Vijana, si mlisema hizi ni mbio za afya?" Tukanyamaza, tukarudi na majembe.

Sasa niitetee chupa kidogo, maana wengi wakisikia mazingira wanadhani chupa ndo shetani mkuu. Chupa ya plastiki hapa kwetu ina mnunuzi. Vijana na kina mama wanaookota makopo wanazipima kwa kilo, na zile zilizobaki barabarani zilikuwa zimeshaondoka kabla hata sisi hatujamaliza kugawa zawadi. Zilizotushinda ni za mtaroni, na zile zenye maji nusu ambazo muokotaji anaona uvivu kuzimwaga moja moja, na vizibo, vizibo tumeviokota mpaka mwezi wa tano. Kwahiyo chupa ikidakwa kabla haijaingia mtaroni sio mbaya kihivyo. Kudaka ndo kazi, na kazi hiyo mwaka wa kwanza hatukumpa mtu.

Vikombe vya karatasi

Mwaka wa pili tukasema tunaenda kijani. Karatasi si inaoza bana. Tukanunua vikombe 2,000 Kariakoo, mkono wa katibu ukawa unauma kwa kubeba maboksi, tukajisikia watu wa maana.

Kwenye maji yenyewe kikombe kinashinda chupa, hilo halina ubishi. Dumu la lita 20 ukigawa kwa vikombe vya mililita 150 unapata vikombe 130 na kitu, toa ya kumwagika, weka 120. Watu 400 mara vituo vitatu ni vikombe 1,200, yaani madumu 10, lita 200. Mwaka uliopita njia ileile tulibeba lita 600. Mtu amekunywa kilekile alichokuwa anakunywa.

Ila neno karatasi linadanganya. Kata kikombe kimoja kwa wembe halafu kichubue ndani, utakuta utando mwembamba wa plastiki, ndo unaozuia kisivuje, na utando huo ndo unaofanya muokota makopo asikitake na muokota maboksi asikitake. Hakina mnunuzi. Chupa imelala barabarani saa moja imechukuliwa, kikombe cha karatasi kimelala pale siku tatu, kimekanyagwa na bodaboda, kimechanika, upepo umekigawa mtaa mzima. Mwisho wake kwetu ulikuwa moto, vijana walikusanya rundo nyuma ya ofisi wakapiga kiberiti, moshi mweusi, majirani wakafunga madirisha. Hapo ndo ukijani wetu ulipoishia.

Kinapofaa kinafaa. Kukiwa na tetesi za kipindupindu, mimi sitaki kusikia habari ya kikombe kilichonywewa na mwingine, leteni karatasi na mtafute utaratibu wa kukusanya. Na kwa wale wanaokimbia kasi ni kizuri, unakibana mdomo kinakuwa kama birika, unakunywa huku miguu inaenda. Ila mtu akikuuliza kati ya chupa na karatasi kipi kinaumiza mtaa wa Dar kidogo, kwa kawaida mimi nitasema chupa yenye mdakaji kuliko karatasi isiyo na mnunuzi. Najua inasikika kinyume.

Vikombe vya shughuli

Hivi ni vikombe vyetu vya siku zote, vya plastiki ngumu, vile vinavyokuja na sahani, masufuria na turubai kukiwa na harusi au msiba. Wazo halikuwa la kamati, lilikuwa la mama mmoja wa mtaani anayekodisha vyombo, alituona mwaka wa pili tunachoma vikombe akashangaa. Nikaenda kwake na mweka hazina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnataka vikombe vya kukimbilia?"

"Ndio mama, mia tisa."

"Mia tisa mtavipata, vingine nitavitoa kwa mwenzangu. Ila vyangu vinahesabiwa vikitoka na vinahesabiwa vikirudi, kilichopotea mnalipa kipya. Mkikubaliana na hilo hata kesho."

Hilo la kuhesabiwa ndo lilibadilisha kila kitu, kuliko hata vikombe vyenyewe. Chupa ikipotea hamna anayejua, kikombe cha mama kikipotea mweka hazina anatoa jasho. Ghafla kila meza ikawa na mtu wa kuangalia kikombe kinaenda wapi.

Tulivyofanya ni hivi. Njia tuliigeuza ikawa mzunguko wa kilometa 5 unaokimbiwa mara mbili, kwahiyo meza mbili tu zikatosha, moja pale pa kuanzia na nyingine nusu ya mzunguko, na kila meza inahudumia mara mbili. Kila meza vikombe 450. Maji kwenye ndoo zenye koki, hamna kuchota kwa kata, hilo msilichezee, mkono wa mtu usiingie kwenye maji ya kunywa. Nyuma ya meza kina mama wawili na mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuza, la tatu lina maji yenye dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, halafu kikombe kinaegeshwa kwenye kichanja kikauke chenyewe. Kufuta na kitambaa hapana, kitambaa kikishalowa ndo kinarudisha uchafu. Wanaoosha wanaanza mapema, mtu wa kwanza akipita tu, maana wa mwisho wa mzunguko wa kwanza na wa mbele wa mzunguko wa pili wanakuja karibu kwa pamoja, na hapo ndo tulipobanwa kama dakika kumi, tukajua tungeweka waoshaji watatu.

Na kurudisha je? Hapa tulibahatisha. Mtu hatupi kikombe mezani, anatembea nacho anakunywa anatupa mbele, mita hamsini, mita mia. Sasa pale mbele kijana mmoja akaenda kuleta goli la chandimu lenye wavu, akatandika turubai chini yake, akawaambia watu pigeni golini. Basi. Watu wazima wenye vitambi wanalenga goli, watoto wamekaa pembeni wanahesabu nani kafunga nani kakosa na kukimbilia kuokota vilivyokosa. Mwaka mzima tulikuwa tunaandika mabango ya "tunza mazingira" hamna anayesoma.

Gharama, hizi ni zetu, kwenu zitatofautiana. Mwaka wa chupa maji yalitutoka zaidi ya laki tano. Mwaka wa vikombe vya mama: vikombe 90,000, madumu makubwa ya dispensa 16 yalikuja 64,000, waoshaji wanne 60,000, sabuni na dawa na vitu vidogo, na vikombe tulivyopoteza, jumla laki mbili na ushee. Na ile hela ya waoshaji imebaki mtaani.

Ubaya wake usifichwe. Inataka watu, sio chini ya kumi kwa ajili ya maji tu, na wajue wanachofanya. Inataka maji ya kuoshea, kama bomba limekata siku hiyo mmekwisha, wekeni simtanki ya akiba. Na wale wa mbele kabisa, wanaokimbilia bahasha, walilalamika kwamba kikombe kigumu hakibanwi, ukikimbia kinakumwagikia puani. Wanne watano hao tuliwaruhusu waweke chupa zao mezani zimeandikwa namba, yakaisha.

Kila mtu na chupa yake

Ukiiwaza tu kabla ya kuijaribu, hii ndo inashinda zote, hamna cha kununua, hamna cha kuosha. Nairobi pale msitu wa Karura wakimbiaji wameshaizoea, tangu Juni 2020 Kenya ilipopiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi na misitu, ukifika getini na kichupa cha dukani unarudishwa, kwahiyo mtu anatoka nyumbani na chupa yake kama anavyotoka na viatu.

Kwetu tulijaribu kuitangaza mwaka wa tatu sambamba na vikombe. Wanaklabu walikuja nazo, wamezoea. Wageni waliojiandikisha ili wapige picha na watoto hawakuja nazo, na huwezi kumwambia mama mwenye mtoto wa miaka nane saa mbili kasoro jua la Dar limeshachachamaa kwamba maji hamna ulisahau chupa. Na kilometa 10 na chupa mkononi sio raha, mkanda wa kiunoni wengi hawana. Kwahiyo mimi naiweka hivi: kwenye mazoezi ya kila wiki iwe sheria, asiye na chupa aombe kwa mwenzake, siku ya mbio iwe hiari, mweke ndoo yenye koki pale mwanzo mtu ajaze.

Kuna wanaouliza kuhusu vile vifuko vya mwani vya kutafuna na maji yake, walivyogawa London Marathon mwaka 2019. Ni kweli waligawa, zaidi ya 30,000, maili ya 23, ndani kuna kinywaji cha Lucozade. Picha zikazunguka dunia nzima. Ila mwaka huohuo walipunguza vituo vya vinywaji kutoka 26 hadi 19, na hilo hamna aliyelipiga picha. Mimi ukinipa kuchagua nachukua hilo la pili, halina gharama, meza ikiondoka na taka zake zinaondoka. Kilometa 5 kwa mfano haihitaji maji njiani kabisa kwa mtu mzima mwenye afya, anza saa 12 asubuhi kabla jua halijapanda, maji akimaliza.

Na msije mkafikiria maji ya kandoro. Vile vifuko havina mnunuzi, havina uzito, vinaziba mtaro kuliko chupa, na nchi hii ilishaachana na mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, sasa nyie mnairudisha kwa mlango wa nyuma mkiwa mmevaa tisheti imeandikwa mazingira.

Kwa ufupi wa kamati iliyochoka: mbio za kilometa 5, maji mwisho tu, vikombe vya kukodi na chupa za watu wenyewe. Kilometa 10 watu mia mbili mpaka mia sita hivi, vikombe vya kukodi, msihangaike na kingine. Mkivuka watu elfu moja au mkienda kilometa 21 barabara kubwa, vikombe vya kuosha vitawashinda labda muwe na jeshi, hapo chukueni chupa ila muwalipe waokotaji kabla ya mbio sio baada, mkae nao kikao, muwape viroba vya salfeti na fulana za kuonekana, wajipange kuanzia mezani mpaka mita mia mbili mbele na upande wa mtaro kwanza. Chupa zote ziwe zao. Hamtaona chupa hata moja, naapa.

Njia: mzunguko au kwenda moja kwa moja

Nimeshasema mzunguko ulitupunguzia meza. Ulitupunguzia pia magari. Mwaka wa kwanza tulianzia sehemu moja tukamalizia nyingine, ilipendeza kwenye picha, ila tulikodi Coaster tatu kurudisha watu, kirikuu ya mizigo, pikipiki mbili za waandaaji zinazunguka kutwa. Mzunguko unaudhi kidogo, watu wanasema wanaona nyumba zilezile. Waone tu.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hatulipendi. Kwenye mbio nyingi moshi mkubwa unatokana na watu kufika kwenye mbio, chupa inasubiri. Kilimanjaro Marathon pale Moshi, tangu 2003, kila mwaka maelfu wanapanda kutoka Dar, Arusha, Nairobi, mabasi, ndege, magari binafsi ya mtu mmoja mmoja. Sisemi msiende, mimi mwenyewe nimeenda na nitaenda tena, ila tukienda basi moja la klabu ni tofauti kubwa na gari kumi na mbili zenye mtu na mkoba wake. Mkipewa kuchagua mbio za Bagamoyo na mbio za mtaa wa jirani zenye umbali uleule, za jirani zimeshinda kabla hujauliza maji yanagawiwaje. Mkitaka kutoka kweli, treni ya umeme ya SGR inafika Morogoro tangu Juni 2024, klabu nzima behewa moja, na stori njiani.

Kigali wao wamefika mbali, tangu 2016 wana siku za Jumapili barabara kubwa zinafungwa magari hayapiti, watu wanatoka wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanapimwa presha, wanarudi nyumbani. Hamna medali, hamna tisheti ya lazima, hamna kiingilio. Ukiwaangalia unajiuliza hivi sisi tunaandaa mbio au tunaandaa duka.

Tisheti

Hapa nitagombana na watu wa mazingira wa Ulaya. Kule tisheti ya mbio inaishia kwenye droo, mtu ana arobaini, ndo maana Uingereza kuna mpango wa Trees Not Tees, unaacha tisheti unapandiwa mti. Kwetu tisheti ya mbio haipotei. Utaivaa, ataivaa mdogo wako, itaenda kijijini kwa mjomba itapalilia mahindi miaka mitatu, itarudi kuwa tambara la deki. Kwahiyo sioni dhambi ya tisheti moja nzuri. Dhambi naiona kwenye tisheti mbaya, ile nyepesi ya poliesta inayoganda mwilini, imeandikwa tarehe na wadhamini kumi na wawili mgongoni kama daftari la madeni, hamna anayeitaka wiki inayofuata. Na poliesta ni plastiki, kila ukiifua inatoa vinyuzi vinaenda na maji. Pamba nayo sio malaika, shirika la mazingira la WWF wanasema tisheti moja ya pamba inakula karibu lita 2,700 za maji mpaka ikufikie.

Ulinganisho wangu: tisheti mpya ya lazima kwa wote ni ya mwisho. Tisheti ya hiari, mtu anatiki wakati wa kujiandikisha na anaongeza hela, ni nzuri, sisi waliotaka walikuwa pungufu ya nusu na kiingilio kikashuka. Iliyonifurahisha zaidi ni mitumba. Kijana wetu mmoja alienda Karume akachambua tisheti nyeupe na za kijivu, mwingine akazipiga chapa ya klabu tu, bila tarehe. Hazifanani saizi wala kitambaa, kwenye picha ya pamoja mnaonekana kama timu iliyokusanywa barabarani, ila watu bado wanazivaa. Kina mama wao walipendekeza kanga badala ya tisheti, na nikiangalia kanga inavyodumu ndani ya nyumba, inabeba mtoto, inafunika maandazi, inaenda msibani, sina hoja ya kuwapinga. Tuligombana tu kwenye maandishi, kila mtu anataka jina la kanga la kumsema jirani yake.

Medali, namba, na ile puto kubwa

Medali ya chuma inaagizwa mbali, inakuja na ribeni yenye mwaka, zikibaki hamsini hazina kazi. Tuliwahi kupata za kifuu cha nazi zilizotobolewa na kupakwa mafuta, fundi wa hapa hapa, watu walizipenda kuliko za chuma maana hamna mwenye ya kufanana na ya mwenzake. Mbao za masalia ya seremala nazo poa. Chagueni kifuu kama mna mwezi mzima wa kumsubiri fundi, maana fundi ni fundi, akisema wiki ijayo hesabu tatu.

Namba za kifuani msiandike mwaka, zikusanyeni na pini zake, kwa mbio za watoto shoneni za kitambaa zitumike mpaka zichoke. Lile puto kubwa la geti la kuanzia linataka jenereta lisimame muda wote linaunguruma, sisi tulilikodi mara moja, likaisha pumzi mshehereshaji akiwa anaongea likamfunika. Sasa hivi tunafunga bango la kitambaa kwenye nguzo mbili. Muziki siwezi kuwanyima watu, jogingi ya Dar bila muziki ni matembezi, ila spika mbili kwa umeme wa ofisi ya mtaa zinatosha, sio lazima wasikie Ubungo.

Vyakula vya mwisho: ndizi mbivu na machungwa, sio biskuti za pakiti. Maganda yalichukuliwa na jirani mwenye ng'ombe, tena alikuja na toroli lake bila kuitwa.

Saa tano asubuhi ya mwaka wa tatu mama alikuja na daftari, akakaa kwenye kiti, akaanza kuhesabu vikombe kumi kumi huku sisi tumesimama kama wanafunzi. Vilipungua 13. Saba vikapatikana jioni, watoto walikuwa wamevipeleka kwenye mechi yao ya chandimu. Sita tukalipa.